Kufundisha Sheria ya Mataifa: Tuanzie Ngare Nanyuki

Katika shule zetu nyingi somo la Umoja wa Mataifa hufundishwa kama orodha ya vitu vya dukani. Mwalimu huandika ubaoni kwamba Umoja huo uliundwa mwaka 1945, kwamba makao yake makuu yako New York, kwamba Baraza la Usalama lina wanachama 15 na watano kati yao ni wa kudumu. Kisha hutaja mashirika yanayoshughulikia afya, watoto, chakula na wakimbizi, akaonyesha na picha ya bendera ya buluu. Watoto hunakili, hukariri, hujibu maswali ya kujaza nafasi, na mtihani ukishapita hayabaki masalio. Sisi wakufunzi ambao kazi yetu hutuweka kwenye dawati la nyuma wakati wa mazoezi ya kufundisha tumelisikia somo hili mara nyingi, na kila mara tumejiuliza kama kuna mwanafunzi hata mmoja aliyetoka darasani akijua kwamba mambo aliyoyanakili yana uhusiano wowote na shamba la babu yake.

Upo na upungufu wa aina ya pili, ambao hutokea kwa walimu wenye bidii zaidi. Hao huligeuza somo kuwa mahubiri. Wako wanaousifu Umoja wa Mataifa kana kwamba ni mzazi mwema aliyekaa mbali akituangalia kwa huruma. Wako na wanaoubeza, wakawaambia watoto kwamba sheria ya mataifa ni maneno ya wakubwa tu, na mnyonge hana lake. Mahubiri haya mawili yanapingana kwa sauti lakini yanafanana kwa matokeo: yote humwacha mtoto akiwa mtazamaji. Wa kwanza anamfundisha kushukuru, wa pili anamfundisha kukata tamaa.

Maoni yetu ni kwamba sheria ya mataifa yafaa ifundishwe kama ilivyo hasa, yaani mabishano ya muda mrefu juu ya nani atunge kanuni, nani azifasiri, na nani alazimike kuzitii. Katika mabishano hayo watu wa nchi hii hawakuwa watazamaji. Walisema, waliandika, walisafiri, walishindwa, na mara nyingine walishinda kwa kiasi ambacho wataalamu wa sheria wa ulimwengu mzima wanakitaja hadi leo. Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji kuwa mwanasheria ili kulieleza hilo. Anahitaji kisa kimoja au viwili anavyovijua vizuri, na ujasiri wa kuviacha vigumu pale vilipo vigumu.

Kisa tunachokipendekeza kwanza ni cha ardhi ya Wameru. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Na mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Hapa mwalimu asipite haraka, kwa kuwa neno udhamini ndilo ufunguo wa somo zima. Mdhamini si mwenye mali. Ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kwa faida ya huyo mwingine, na ambaye hudaiwa hesabu. Watoto wetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani, kwa sababu karibu kila kijiji kina mtoto yatima ambaye shamba lake linaangaliwa na ndugu wa baba, na kila kijiji kinajua tofauti ya baba mdogo mwaminifu na baba mdogo anayekula mali ya yatima.

Basi, makubaliano ya udhamini ya mwaka 1946 yaliitaka Uingereza, inapotunga sheria za ardhi, izingatie mila za wenyeji na iheshimu haki zao. Tena ardhi ya wenyeji isihamishwe kwenda kwa watu wengine ila kwa idhini ya mamlaka inayohusika. Sharti zuri. Lakini mamlaka inayohusika ni nani? Ni serikali ile ile ya kikoloni. Mwanafunzi mwerevu wa Darasa la Sita akilisikia hilo atacheka, na mwalimu asimzuie kucheka.

Serikali hiyo ilikuwa na mpango, uliotokana na tume ya Jaji Mark Wilson, wa kupanga upya ardhi kati ya mlima Meru na Kilimanjaro ili mashamba ya walowezi wa Kizungu yawe kitalu kimoja kisichokatizwa na ya Waafrika. Wameru wa Ngare Nanyuki wakawa ndani ya kitalu hicho. Walikataa kuhama. Mwezi Novemba 1951 waliondolewa kwa nguvu, watu wapatao 3,000, na nyumba zao zikachomwa moto. Ardhi waliyoahidiwa badala yake ilikuwa Kingori, ambako hali ya hewa na maradhi ya mifugo viliwafanya wengi wakatae kwenda.

Hapo ndipo kisa kinapotoka kijijini na kuingia katika sheria ya mataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliwaruhusu watu wa nchi za udhamini kupeleka malalamiko yao moja kwa moja. Mlango huo ulikuwepo kwenye karatasi. Wameru waliamua kuupita. Walichanga fedha, wakaandika, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York akiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Moshi. Baraza la Udhamini lilisikiliza na kusikitika. Kusikitika si kurudisha ardhi, kwa hiyo shauri likapelekwa mbele zaidi, kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na kamati hiyo ikawaunga mkono Wameru. Lakini lilipofika kwenye Baraza Kuu lenyewe mwezi Desemba 1952, pendekezo hilo halikupata theluthi mbili ya kura, na theluthi mbili ndiyo iliyotakiwa kwa mambo ya udhamini. Wameru wakashindwa.

Twasema kisa hiki ni hazina kwa mwalimu, na sababu yetu si kwamba kinasikitisha. Sababu ni kwamba kina kila kitu ambacho muhtasari wa somo unataka kifundishwe, tena kikiwa hai: kuna mkataba, kuna haki iliyoandikwa, kuna tafsiri ya haki hiyo, kuna chombo cha kusikiliza, kuna kura, kuna kanuni ya kura. Na kuna hesabu. Mwaka 1952 Umoja wa Mataifa ulikuwa na nchi wanachama 60. Madarasa yenye watoto 60 tunayo mengi mno, na kwa mara moja wingi huo unatufaa. Mwalimu ampe kila mtoto nchi. Wanne tu ndio watakaokuwa Afrika: Misri, Ethiopia, Liberia, na Afrika Kusini ambayo serikali yake ilichaguliwa na Wazungu. Mtoto mwingine awe Kirilo Japhet kwa zamu, mwingine awe mjumbe wa Uingereza, na wote wawili waruhusiwe kusema mpaka mwisho. Kisha kura ipigwe. Tuseme, kwa ajili ya zoezi tu, kwamba watoto sita wanajizuia, 34 wanakubali na 20 wanakataa. Waliokubali ni wengi. Je, wameshinda? Theluthi mbili ya 54 ni 36. Hawakushinda. Hapo mwalimu ataona nyuso za watoto zikibadilika, na katika dakika hiyo watakuwa wamefahamu jambo kuhusu utawala wa dunia ambalo kurasa tano za kunakili hazingewapa: kwamba anayeweka kanuni ya kuhesabu kura ameshaamua nusu ya matokeo kabla ya mkono wa kwanza kuinuliwa.

Tunawasihi wanachuo wasiishie hapo. Swali linalofuata ni zito zaidi: je, safari ile ilikuwa bure? Wanafunzi wagawanyike na kujadiliana. Wanaosema ilikuwa bure wana hoja, kwa maana ardhi haikurudishwa. Wanaosema haikuwa bure nao wana hoja. Serikali ya kikoloni ililazimika kujieleza hadharani mbele ya ulimwengu, na watu wa sehemu nyingine za Tanganyika wakajua kwamba mdhamini anaweza kudaiwa hesabu. Mwaka 1955 Julius Nyerere, akiwa kiongozi wa TANU, chama kilichoundwa mwaka mmoja nyuma, alikwenda kwenye Baraza lile lile la Udhamini. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulikuwa umekadiria kwamba uhuru ungeweza kupatikana katika muda wa miaka 20 hadi 25. Ulipatikana katika miaka saba. Hatusemi kwamba safari ya Kirilo Japhet ndiyo iliyoleta uhuru. Historia haiendi kwa njia rahisi namna hiyo. Twasema tu kwamba mtoto apewe nafasi ya kuupima ushahidi kwa akili yake.

Wako watakaotuambia kwamba haya ni makubwa kwa watoto wa shule ya msingi. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtoto wa miaka kumi na miwili anajua sheria za kucheza gololi na anajua jinsi mkubwa anavyozibadilisha katikati ya mchezo. Anajua nani hupiga filimbi na kwa nini. Kinachomshinda si wazo. Ni lugha tunayolivisha wazo hilo. Tukimwambia kwamba nchi mpya haifungwi na wajibu wa kimkataba wa dola lililotangulia, hatasikia kitu. Tukimwambia kwamba baba mdogo aliyekabidhiwa nyumba ya yatima alikipangisha chumba kimoja kwa mgeni, kwa kodi ya shilingi moja kwa mwaka, milele, na kwamba yatima amekuwa mkubwa na sasa anashika funguo, atauliza mwenyewe: kwani baba mdogo alipata wapi uwezo wa kusema milele?

Chumba hicho kilikuwepo kweli. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilifanya makubaliano ambayo kwayo Ubelgiji ilipewa maeneo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma ili kupitishia mizigo ya Kongo na ya Rwanda na Burundi, nchi zilizokuwa mikononi mwake. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ulikuwa wa daima. Mwezi Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Nyerere akiwa Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba Tanganyika haitafungwa na makubaliano hayo. Sababu aliyoitoa ni ile ile atakayoitoa mtoto wa Darasa la Sita: aliyekuwa mwangalizi wa muda hakuweza kuifunga nchi kwa wakati usio na mwisho. Yafaa ieleweke kwamba serikali haikutaka kuwafungia njia majirani. Mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi iliendelea kuhitaji bahari, na bado inaihitaji. Kilichokataliwa ni uwezo wa wawili walioketi mbali kugawana bandari ya wa tatu.

Na halikuwa suala la bandari peke yake. Siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, serikali mpya ilimwandikia Kaimu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, ikieleza msimamo wake juu ya mikataba yote iliyofanywa na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kutumika kwa miaka miwili, kwa sharti la kutendeana, na katika muda huo kila mmoja ungepitiwa na kujadiliwa upya. Muda ukiisha, ule usiokubaliwa ungehesabiwa kuwa umekwisha, isipokuwa kama kanuni za desturi za sheria ya mataifa zingeushikilia. Mikataba ya nchi nyingi ingetazamwa mmoja mmoja.

Mtu asidhani kwamba barua hiyo ilikuwa jambo dogo la ofisini. Kabla yake, nchi nyingi zilizopata uhuru kutoka kwa Uingereza zilikuwa zikitia saini hati ya kurithi mikataba yote kwa jumla, mizuri na mibaya, hata kabla ya kuisoma. Wengine walisema nchi mpya huanza na ubao mtupu, hairithi chochote. Tanganyika ilisema neno la tatu: tupeni muda tusome. Uganda, Kenya, Malawi, Botswana, Lesotho na nchi nyingine ziliufuata mwendo huo, kila moja kwa namna yake, na wanasheria wa ulimwengu wakaupa jina la Kanuni ya Nyerere. Mwaka 1978 ulipofanywa Mkataba wa Vienna kuhusu urithi wa mikataba, uliandika kwamba nchi iliyotoka katika ukoloni hailazimiki kuendelea na mikataba iliyofanywa na mtawala wake wa zamani. Ni kweli kwamba mkataba huo ulianza kutumika mwaka 1996 tu, wakati makoloni mengi yalikuwa yamekwisha kuwa nchi huru, na kwamba nchi zilizouridhia si nyingi. Mwalimu aliseme na hilo.

Kwa kuwa tumetaja kuridhia, tuongeze neno juu ya msamiati. Tumewasikia wanachuo wakitumia kutia saini na kuridhia kana kwamba ni neno moja. Nchi hutia saini kupitia mjumbe wake. Huridhia pale vyombo vyake vya nyumbani, kama vile Bunge, vinapokubali kufungwa na jambo lililotiwa saini. Ni kama posa na ndoa. Kati ya saini na kuridhia yaweza kupita miaka mingi, na pengine ndoa isifungwe kabisa. Maneno azimio, itifaki, mkataba na tamko nayo hayana uzito mmoja, na mwalimu anayeyachanganya ubaoni huwafunza watoto kuyachanganya maisha yao yote. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia kwa usahihi.

Ukosefu huo una sababu yake, nayo inahusu vitabu. Elimu ya sheria ya mataifa kwa muda mrefu iliandikwa na watu wa Ulaya kwa ajili ya watu wa Ulaya. Vitabu vya kawaida huanza hadithi yao mwaka 1648, mikataba ya Westphalia ilipomaliza vita vya Wajerumani na jirani zao, kana kwamba kabla ya hapo, na mahali pengine pote, watu hawakuwa na mapatano, wajumbe wala mipaka. Afrika hutokea katika vitabu hivyo wakati wa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na hutokea kama kitu kinachozungumzwa. Hata hivyo, wakati mkutano huo ukiendelea, Karl Peters alikuwa Usagara akikusanya alama za watawala wa huko kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani, na tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa, Kaizari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa msingi wa karatasi hizo. Angalieni utata wake. Mtawala wa Usagara alihesabiwa kuwa na mamlaka ya kutosha kuitoa nchi yake, lakini hakuhesabiwa kuwa na mamlaka ya kukaa mezani Berlin. Sheria iliyomtambua kwa dakika moja, ili apoteze, ilimsahau dakika iliyofuata.

Wanazuoni wa Kiafrika na Kiasia wameifanya kazi kubwa ya kulionyesha hilo. Taslim Elias wa Nijeria, aliyekuja kuwa rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, alitoa mwaka 1972 kitabu juu ya Afrika na ukuaji wa sheria ya mataifa, akionyesha kwamba mapatano kati ya dola yalikuwepo barani kabla ya Mzungu. Umozurike, naye wa Nijeria, aliandika mwaka 1979 juu ya sheria hiyo na ukoloni. Mwaka huo huo Mohammed Bedjaoui wa Algeria alitetea mpango mpya wa uchumi wa dunia. Issa Shivji wa Dar es Salaam aliihoji dhana ya haki za binadamu barani Afrika mwaka 1989. Kuanzia mwaka 1997 kundi la vijana waliokutana Harvard, akiwemo Mkenya James Gathii, lilianza kujiita kwa jina la mtazamo wa Dunia ya Tatu. Na mmoja wa wenzao, Antony Anghie wa Sri Lanka, alionyesha katika kitabu cha mwaka 2005 kwamba ukoloni haukuwa doa lililoiangukia sheria ya mataifa kwa bahati mbaya, bali ulikuwa karakana ambamo mawazo yake mengi yalichongwa. Hatuwataki wanachuo wakariri majina haya. Orodha nyingine ya nini? Tunataka wajue kwamba mabishano yapo, na kwamba hayakuanzishwa na wanafunzi wao wakaidi.

Tena tungependa ijulikane kwamba kitabu juu ya kesi ya ardhi ya Wameru, kilichotoka mwaka 1967, kiliandikwa na Kirilo Japhet mwenyewe pamoja na Seaton. Na kwamba Seaton huyo huyo, pamoja na Sosthenes Maliti, alitoa mwaka 1973 kitabu juu ya namna Tanzania ilivyoshughulikia mikataba iliyoirithi. Mlalamikaji aliyegeuka mwandishi ni mfano mzuri mno kwa mtoto wa kijijini. Karibu vyote hivi, kwa bahati mbaya, viliandikwa kwa lugha ambayo mtoto huyo hajaimudu. Kati yake na vitabu hivyo amesimama mwalimu tu.

Tukisema mwalimu aviache visa vigumu pale vilipo vigumu, tulikuwa na jambo mahususi akilini. Mwaka 1961 Tanganyika ilikataa kurithi mikataba bila kuisoma. Mwaka 1964, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kairo, nchi za Afrika ziliahidiana kuiheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru, na nchi yetu ilikuwa mstari wa mbele katika kulipendekeza hilo. Lakini mipaka hiyo ilichorwa na nani kama si wakoloni, kwa mikataba ile ile? Mwanafunzi atauliza. Jibu la heshima ni kwamba viongozi wa wakati ule waliogopa vita visivyo na mwisho vya kugombea kila mlima na kila mto, wakaona heri mpaka mbaya unaojulikana. Ni jibu lenye busara, lakini lina gharama zake, na Mkataba wa Vienna wa 1978 umeliandika katika sheria kwa kuitenga mipaka na kanuni ya ubao mtupu.

Mto Nile ni mfano rahisi kidogo. Mwaka 1929 Uingereza iliahidi, kwa niaba ya nchi zilizokuwa chini yake, kwamba hazitajenga kitu kwenye Nile wala maziwa yake kinachoweza kuipunguzia Misri maji bila Misri kukubali. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji hayo: Misri kilomita za ujazo bilioni, la, mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5, na nchi za juu ya mto hazikuwekewa hata ndoo moja. (Kosa la kilomita kwa mita tumelisikia darasani mara nyingi, ndiyo maana tumeliandika hapa makusudi, kilomita moja ya ujazo ni mita za ujazo bilioni moja.) Tanganyika ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudan mwaka 1962 kwamba haifungwi na ahadi ya 1929. Misri haikukubali. Mwaka 2010 huko Entebbe, Ethiopia, Uganda, Rwanda na Tanzania zilitia saini mkataba mpya wa ushirikiano juu ya mto huo, Kenya na Burundi zikafuata, na tarehe 13 Oktoba 2024 ukaanza kutumika, bila Misri wala Sudan kuwamo. Mtoto wa Mwanza au wa Musoma anayeteka maji ya ziwa yumo katika mabishano haya tangu alfajiri.

Ziwa Nyasa ndilo gumu. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yaliupitisha mpaka kwenye ukingo wa ziwa, upande wetu. Malawi inayashikilia makubaliano hayo, na inaweza kuikumbusha Tanzania ahadi ya Kairo. Tanzania, ambayo tangu mwaka 1967 imesema wazi kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa, inaitegemea desturi ya nchi zinazopakana majini na haki ya watu waishio ufukweni, ambao hawawezi kuwa wageni kila wanapoteka maji. Mgogoro uliamka tena mwaka 2012 ulipoingia utafutaji wa mafuta, na ukapelekwa kwa wapatanishi chini ya Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji.

Mwalimu wa Kyela au Mbinga atashawishika kulifundisha hili kama wimbo wa taifa. Tunamwomba asifanye hivyo, na hatumwombi aache kuipenda nchi yake. Kama watoto wake walikwisha kumsikiliza mjumbe wa Uingereza mpaka mwisho katika igizo la Ngare Nanyuki, hawatashindwa kumsikiliza mtoto aliyepewa kusema kwa niaba ya Malawi, jirani yao, ambaye naye ana bibi anayevua samaki ng'ambo. Achague msemaji hodari kwa upande huo, si yule dhaifu. Kwenye ramani ya ubaoni achore mistari yote miwili, ule wa ukingoni na ule wa katikati, kwa chaki za rangi mbili, aandike chini ya kila mmoja nani anaudai na kwa sababu gani. Kengele ikilia kabla darasa halijaafikiana, ramani isifutwe. Kipindi kijacho kianze nayo.